Kiuno cha Simba na Mkopo wa Mtama

Mwaka huo mvua ilipita juu ya mbuga ya Kinyambi bila kusimama, kama mgeni anayejua kwamba nyumba hii haina chai. Mwaka uliofuata haikupita kabisa. Wanyama walikonda hata kuwawinda kukawa kazi bure, na Simba mwenyewe, mfalme wa mbuga, akaanza kula ugali. Aliula huku amefumba macho, ili asionekane.

Mtama nao ukaisha. Ikabaki chemchemi moja chini ya mwamba, na maji hayatafunwi. Mama Kanga, mwenye vifaranga kumi na mmoja, akaenda barazani kwa Simba.

"Mfalme, wanangu hawajala tangu juzi. Fisi ana ghala limejaa. Tukakope."

"Simba hakopi," akasema Simba. "Nitamruhusu anikopeshe."

Fisi alikuja mbio, amebeba kamba ya ukindu na gome la mti lililoandikwa masharti pande zote mbili. Mtama wake aliununua wakati wa mavuno, kwa wale wale waliokuwa sasa wanauhitaji.

"Vikapu mia natoa leo," akasema. "Lakini siku hizi hakuna anayekopesha hivi hivi. Nchi hukopeshwa kwa kukua, na kukua kwa nchi hupimwa kwa kiuno cha mfalme wake."

"Kwa nini kiuno, mjomba?" akauliza Sungura, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango.

"Kwa sababu kiko katikati."

Hakuna aliyeweza kupinga hilo.

Fisi akasoma masharti. Nyati wa Bondeni na Twiga wa Msituni walikuwa wamekwisha kukopa, kila mmoja vikapu mia. Baada ya miezi mitatu viuno vyote vya waliotia ukucha kwenye gome vitapimwa. Nchi itakayokuwa imekua kuliko zote ndiyo yenye uwezo, na mwenye uwezo ndiye atakayelipa mikopo ya wote, vikapu mia tatu. Akishindwa, atatoa maji yake.

Fisi mwenyewe alikuwa ametia ukucha wa kwanza, kwa jina la Nchi ya Pangoni. Pango lenyewe lilimtosha yeye na mkewe, tena mmoja akilala mkia ulibaki nje. Lakini mkopeshaji akiitwa nchi huheshimiwa.

Simba alisikia maneno "kuliko zote". Mengine hayakumfikia. Akatia ukucha.

Kila wiki Fisi alipita na kamba yake kutoa habari.

"Nyati amekua shubiri moja. Twiga amekua shubiri tano, lakini ni shingo, na shingo hatuihesabu."

"Na mimi?" akauliza Simba.

"Wewe, mfalme wangu, umedumaa."

Siku hiyo Simba alikula vikapu vinane. Wiki iliyofuata alikula kumi na viwili. Mtama wote wa mkopo ukaingia kwenye tumbo moja, na ngoma ikapigwa mbuga nzima kutangaza kwamba nchi imekua shubiri tatu. Wanyama walipiga makofi kwa adabu, wakajishikiza kwenye miti wasianguke kwa njaa.

Mama Kanga akarudi barazani. "Mfalme, tuliomba mtama kwa ajili ya watoto."

"Mama, hukusikia ngoma? Tumekua."

"Wanangu wamekua kiasi gani?"

Simba akafikiri. "Hao hawamo kwenye kamba," akasema.

Mama Kanga alitoka bila kuaga. Akamkuta Sungura anakuna sikio.

"Kijana, wewe una akili za kuuza. Simba amekwisha kukua shubiri tatu. Keshokutwa anapimwa, atashinda, na Fisi atachukua chemchemi. Hapo wanangu watakufa kwa njaa na kiu pamoja. Fanya kitu."

"Nyumbani una sufuria, mama?"

"Ninazo sufuria. Sina cha kutia ndani."

"Tutatia mifupa."

Mifupa ndiyo mavuno pekee ya mwaka ule, ilitapakaa kila mahali. Wanyama wakaiokota. Sungura akachemsha sufuria sita za supu, akatia magadi ya kutosha kuvimbisha gunia la maharage.

Siku ya kupimwa ikafika. Nyati na Twiga walikuja, na Fisi akaja amevaa mkufu wa meno. Mpimaji alikuwa Kobe, maana kiuno chake hakijawahi kubadilika, hivyo hakuwa na upande.

"Kabla hatujaanza, mjomba," akasema Sungura, "wananchi wameleta riba kidogo."

Fisi alinusa. Mate yakamdondoka mpaka kwenye mkufu. "Riba haikataliwi," akasema, akaingiza kichwa kwenye sufuria ya kwanza. Alipomaliza ya tano, miguu yake ya mbele ilikuwa haionani na ya nyuma.

Kobe akaanza kupima, taratibu. Nyati, shubiri moja. Twiga, hakuna kitu. Simba, shubiri tatu. Simba akatikisa manyoya yake.

"Umeshinda, mfalme," akasema Fisi. "Nitakuja na mke wangu kuangalia maji."

"Bado Nchi ya Pangoni," akasema Sungura. "Ukucha wako si huu hapa, mjomba? Tena ndio wa kwanza."

Fisi akacheka. Kamba ikamzunguka. Kobe akahesabu vidole, akahesabu tena.

"Shubiri tatu," akasema. "Wamelingana. Nitarudia wote wawili."

Simba alinguruma. Kulingana na Fisi! Akainuka kuielekea sufuria ya sita. Mama Kanga akaruka, akakaa juu ya kifuniko chake.

"Ondoka, mama. Nchi yangu inapitwa."

"Kaa chini, mfalme. Ukishinda leo, kesho utapanga foleni kwenye maji yako mwenyewe, na mwenye zamu atakuwa mke wa Fisi. Vuta tumbo ndani."

"Simba havuti tumbo."

"Nimezaa mara nne na bado navuta. Vuta."

Simba alimtazama. Hakuna aliyewahi kumwambia "kaa chini" tangu mama yake afe. Akavuta tumbo.

Kobe akaondoka pale alipokuwa, hatua tano mbali. Alichukua muda mrefu. Njiani alisimama kusalimiana na Twiga na kuulizia hali ya shingo. Macho ya Simba yalianza kutoka, mkia ukasimama kama ufagio, na ndevu zikatetemeka. Kamba ikapita, ikafungwa.

"Shubiri mbili," akasema Kobe.

Simba alipumua, na upepo ule ukamwangusha Nyati.

Fisi alielewa. Akavuta tumbo lake kwa nguvu zote, likaingia kidogo, akajikunja, jasho likamtoka. Kobe alikuwa bado njiani. Ndipo Sungura, kwa upole, akaondoa kifuniko cha sufuria ya sita.

Mvuke ukapita puani kwa Fisi. Alitazama juu. Alitazama pembeni. Alijiambia kwamba ni tone tu la kulainisha koo.

Kobe alipofika, sufuria ilikuwa tupu na magadi yalikuwa kazini. Kamba haikutosha. Ikabidi waunge na mkia wa Twiga.

"Shubiri sita," akasema Kobe. "Nchi ya Pangoni imekua kuliko zote duniani. Hongera."

"Mimi ndiye niliyekopesha!" akalia Fisi. "Nitajilipaje mwenyewe?"

"Gome halisemi utajilipa, mjomba," akasema Sungura. "Linasema utalipa. Vikapu mia tatu, na waliokosa chakula wako hapa."

Fisi alijaribu kukimbia, akabiringika. Walimbiringisha hivyo hivyo mpaka ghalani, akafungua mlango mwenyewe. Nyati alibeba vikapu, na Simba alibeba vingi zaidi, akitaka watu wamwone. Mama Kanga alisimama mlangoni akigawa, kibaba kwa kila mdomo, na mdomo wa mfalme ulihesabiwa mmoja.

Vifaranga kumi na mmoja walikula, wakalala papo hapo. Mama Kanga akaosha sufuria zake sita. Naye Fisi, kila akiulizwa kwa nini siku hizi hakopeshi, huangalia pembeni na kushika tumbo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.