Bakuli la Mzee Kobe

Hodi, wenyewe! Ngano inapita!
"Ipite, tumeikalia!"
Imekuja mikono mitupu!
"Iketi hivyo hivyo, tutakula nayo!"

Basi sogeeni. Zamani za zamani, kabla wanyama hawajagawana msitu, palikuwa na bonde liitwalo Mikwajuni. Ndani ya bonde hilo alikaa Nungunungu, mwenye miiba mgongoni na moyo laini chini ya miiba. Alikuwa na marafiki watatu. Wa kwanza Bi Kanga, mwenye madoadoa na maneno mengi. Wa pili Pimbi, mfupi, mcheshi, asiye na mkia wala haya. Wa tatu Mzee Kobe, mpole, ambaye tangu aumbwe hajafika mahali mapema.

Kila Idi wanne hawa walikula nyumbani kwa Nungunungu, kwenye sinia moja. Bi Kanga upande wa mlangoni, Pimbi karibu na jiko, Nungunungu penye ukuta. Na upande wa nne ulikuwa wa Mzee Kobe. Kwa kuwa Kobe alifika wenzake wamekwisha kunawa, Nungunungu alimtunzia ukoko wa chungu, ule mkavu wenye rangi ya asali. Kobe aliutafuna polepole, kru, kru, kru, akisema:

"Wenzangu, nyinyi mmekula chakula. Mimi nakula sikukuu."

Nao walikuwa wakicheka mpaka Pimbi anapaliwa.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Jua likala mahindi, likala mihogo, likala na majani ya kunde. Mwezi wa Ramadhani ukaandama, na ghala ya Nungunungu ilikuwa na buibui tu.

Bi Kanga akamletea futari. Bakuli la uji wa mtama, limefunikwa kawa la ukindu. "Pokea, jirani. Kidogo, lakini cha moto."

Pimbi akamletea futari. Bakuli la kunde. "Kula, sahibu. Usizihesabu tu, zitaona haya."

Mzee Kobe akamletea futari. Bakuli la boga. Alitoka kwake adhuhuri, akafika watu wanafungua swaumu. "Limepoa njiani, mwanangu. Nisamehe."

Nungunungu akala, akamshukuru Mungu. Akaosha mabakuli matatu, akayapanga juu ya kinu.

Sasa nyinyi mwaijua desturi yetu. Bakuli la jirani halirudi tupu. Likija na uji, lirudi na tende. Likija na tende, lirudi hata na ndimu mbili. Nungunungu akatazama ghala. Tende hana. Ndimu hana. Akasema, "Nitarudisha kesho, nikipata cha kutia."

Kesho ikaja, hakupata. Kesho nyingine ikaja, hakupata. Akaanza kupita njia ya nyuma ili asikutane na wenye mabakuli. Akaanza kufunga mlango. Na kila alipoyaona mabakuli juu ya kinu, alijiimbia kwa sauti ndogo:

"Bakuli la sahibu nalilinda,
Litarudi lini, na kitu sina?
Idi yaja, Idi yaja,
Na sinia langu halina mja."

Je, mpo?
"Tupo!"

Idi ikakaribia. Nungunungu akawaza, "Watakuja kudai vyombo vyao, waone jiko langu lina jivu baridi. Waseme, Nungunungu amefilisika. Afadhali nife."

Kwenye pembe ya kitambaa alikuwa amefunga kitunguu, bizari, hiliki na kijiti cha mdalasini, vya pilau ya Idi. Pilau yenyewe haikuwepo. Akapata hila.

Alasiri akawasha moto. Akateleka chungu kitupu. Akatia tone la mafuta na kipande cha kitunguu, akatia bizari kidogo, hiliki na mdalasini, akakoroga. Lo! Harufu ikatoka dirishani, ikashuka bondeni. Aliyeinusa angeapa kwamba ndani mnapikwa pilau ya harusi.

Wakati ule ule Bi Kanga alikuwa njiani. Hakuja kudai bakuli. Kibindoni alikuwa na konzi ya mtama, wa mwisho nyumbani kwake. Alitaka kusema, "Jirani, Idi hii tuchangie." Akafika karibu na mlango. Akainua shingo, akanusa.

"Haa! Mwenzangu anapika pilau, na mimi namletea mtama! Si ataucheka?"

Akageuka, akarudi zake.

Nungunungu alisikia nyayo zikija, akasikia nyayo zikienda. Akasema, "Alhamdulillahi, sikuaibika." Lakini moyo wake ulizifuata zile nyayo mpaka kwenye kona.

Siku ya pili akateleka tena chungu kitupu. Kitunguu, bizari, koroga. Pimbi alikuwa njiani na fumba la kunde kwapani. Akafika mlangoni. Akanusa.

"Makubwa! Jana pilau, leo pilau. Huyu kaoa! Kaoa, na sisi hatukualikwa."

Akageuka, akarudi zake. Nungunungu akasikia nyayo zikija, akasikia nyayo zikienda. Safari hii alisogea mpaka kwenye komeo, akaweka mkono juu yake. Hakulifungua.

Siku ya tatu akateleka tena. Kitunguu, bizari, koroga. Mzee Kobe alikuwa njiani tangu asubuhi, na boga dogo mgongoni. Alipoanguka nalo aliinuka nalo. Akafika mlangoni, pumzi zimemwisha. Harufu ikampiga usoni.

Alisimama pale kitambo kirefu, kwa maana Kobe hata kuondoka huondoka polepole. Alikuwa akingoja. Labda mtu angefungua, akasema, "Mzee, ingia, ukoko wako huu hapa."

Ndani, Nungunungu alimsikia akihema. Aliijua pumzi ile. Akauma mdomo, akazidi kukoroga chungu kitupu.

Mwisho Kobe akageuka.

Mungu atusitiri, jamaa. Tumbo lenye njaa laweza kusamehewa mengi, lakini mlango ule mbona ulikuwa na komeo kwa ndani?

Idi ikafika. Takbiri zikasikika uwanjani. Nungunungu akaswali safu ya nyuma kabisa. Imamu alipomaliza, wanyama wakaanza kukumbatiana na kupeana mkono wa Idi. Yeye akajipenyeza, akaondoka mbio, asije akaulizwa, "Leo tunakula wapi?"

Akafika nyumbani. Akatandika mkeka, akaweka sinia katikati. Juu ya sinia kipande cha muhogo wa kuchoma, kimoja. Akakaa penye ukuta, mahali pake. Akatazama upande wa mlangoni: hakuna maneno. Akatazama upande wa jikoni: hakuna kicheko. Akatazama upande wa nne, akajikuta ametega sikio. Alikuwa akisikiliza kru, kru, kru.

Muhogo akausogeza kando. Nungunungu akainua mikono akalia.

"Ya Rabi! Mwezi mzima nimefunga chakula, lakini kiburi sikukifunga. Nilikiachia kikala kila siku, kikala mpaka marafiki zangu."

Akainuka. Akachukua yale mabakuli matatu. Akaogopa kuyavunja, akayatundika kwenye miiba ya mgongo kwa vishikio vyake vya kamba. Akatoka hivyo, njia ya mbele, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu. Kila akikanyaga, miiba na mabakuli vikalia: kacha, kacha, kacha.

Akafika kwa Bi Kanga. "Hodi!"

"Hodi nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi. Wewe ni mimi yupi?"

"Mimi Nungunungu."

Bi Kanga akatokeza kichwa. "Aa, bwana mapilau! Leo umepotea njia, au nyama imebaki?"

"Nimeleta bakuli lako, Bi Kanga. Nimeliosha. Halina kitu ndani."

"Halina kitu! Na mtaa mzima umenuka hiliki, hata nguo zangu kambani zimenuka!"

"Chungu kilikuwa kitupu."

"Kitupu vipi?"

"Kitupu. Kitunguu, bizari, na mimi na mwiko. Nilipika harufu, ili msijue kuwa sina."

Bi Kanga akamtazama. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akakaa chini, na alipokaa chini kicheko kikageuka kilio.

"Ewe mtu mjinga! Na mimi nilifika mlangoni kwako na mtama kibindoni, nikaona haya nikarudi! Huu hapa, ungali kibindoni! Ngoja nijitande, twende wote."

Wakaenda wawili, kacha, kacha, kacha, mpaka kwa Pimbi.

"Nimeleta bakuli lako, Pimbi. Halina kitu ndani."

"Na mkeo hajambo?"

"Mke gani?"

"Wa pilau."

"Sina mke, sina pilau. Nilipika chungu kitupu."

Pimbi akakuna kichwa. "Yaani mimi nimenuna kwa ajili ya harusi ambayo haikuwako? Rudisheni manuno yangu!" Akaingia ndani, akatoka na fumba la kunde. "Twende. Nimechoka kuchekeshana na ukuta."

Wakaenda watatu, kacha, kacha, kacha. Nungunungu sasa alitangulia, karibu akimbie. Moyoni alikuwa akiyapanga maneno atakayomwambia Mzee Kobe, na ya kwanza yalikuwa, "Ingia, mzee, ukoko wako huu hapa," ingawa mwenye nyumba alikuwa Kobe na ukoko haukuwepo.

Wakafika. Mlango umezibwa kwa tita la miiba. Mbele ya mlango pamewekwa boga dogo.

"Hodi, mzee! Hodi! Hodi!"

Kuchakuro, jirani wa juu ya mti, akachungulia. "Mwamwita nani? Mzee kahama."

"Kahama lini?"

"Tangu juzi, aliporudi na boga lake. Mgongo ulikuwa haujapoa, akafunga mlango. Nikamwuliza, mzee, utafika wapi kwa miguu hiyo? Akasema, 'Miguu ni mizito, lakini moyo umekwisha tangulia.' Akasema anatafuta mahali ambapo hajapazoea, ili pasiwe na kitu cha kumkumbusha ya huku."

Pimbi akauliza, "Na hili boga?"

"Kasema, ukimwona Nungunungu mpe. Na lile bakuli asihangaike kulirudisha. Abaki nalo."

Wakalichukua boga. Wakarudi kwa Nungunungu, wakawasha moto. Wakateleka mtama wa Bi Kanga, wakatia kunde za Pimbi, wakakata boga la Mzee Kobe. Nungunungu akafungua pembe ya kitambaa. Kilikuwa kimebaki kitunguu kidogo na bizari ya ncha ya kidole. Akatia. Harufu ikatoka, ikashuka bondeni, ile ile ya siku zote tatu. Lakini leo chini yake mlikuwa na chakula, na mlango ulikuwa wazi.

Wakala kwenye sinia moja. Kilikuwa kidogo, nacho kikatosha, kwa kuwa kila mmoja alimsukumia mwenzake. Upande wa nne hakuna aliyeukalia. Walipomaliza, Nungunungu akakwangua ukoko, akautia kwenye bakuli la Mzee Kobe, akafunika kawa. Wakangoja. Kobe huchelewa, walisema. Tangu aumbwe hajafika mapema.

Kivuli cha mlango kikarefuka. Hakuna aliyekuja.

Hapo Nungunungu akasimama, akalitundika bakuli kwenye miiba yake, akatoka kumfuata. Na mvua iliyokuwa imekataa mwaka mzima ikachagua jioni hiyo kunyesha. Ikafuta nyayo zote.

Ndiyo maana hadi leo ukimsikia nungunungu akipita vichakani, miiba yake hulia kacha, kacha, kacha. Anamwita mzee wake. Anataka ajue kwamba anakuja kwa njia ya mbele, na bakuli lake linaonekana. Na kobe naye, hadi leo, akisikia nyayo huingiza kichwa ndani. Anadhani ni wale wenye pilau zao. Hajui kwamba chungu kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemfikia akamwambia.

Na kila Idi, kwenye bonde la Mikwajuni, sinia huliwa pande tatu, na ukoko hufunikwa kawa.

Mafunzo yake ni haya, wanangu. Chombo cha jirani kirudishe, hata kikiwa kitupu, madhali umekwenda nacho wewe mwenyewe. Umaskini haumfukuzi rafiki. Kinachomfukuza ni moshi tunaoufukiza ili asiuone. Na sikukuu si kilichomo chunguni. Sikukuu ni nani amekaa upande wa nne. Basi kama yuko wa kwenu aliyesimama mlangoni akihema, mfungulieni leo, maana hata kobe huondoka.

Ngano yenu nimeiosha, nimeifunika, nimeirudisha.
"Ina nini ndani?"
Haina kitu, ila mimi niliyeileta.
"Basi imejaa. Karibu, ukae!"