Seremala na Kamba ya Marehemu

Wapendwa, mimi shule niliikimbia darasa la tano, lakini hili leo nawafundisha hata nyie wenye digrii. Kaka mwenye koti, weka simu mfukoni. Atakayesinzia namwita mbele!

Kulikuwa na seremala mmoja. Msumeno ulimchana paja, akaongezewa damu chupa mbili. Pale kitandani alihisi ubaridi unampanda mkononi, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta kwenye nyumba asiyoijua.

"Dada, hii damu ya nani?" akamuuliza nesi.

"Haina jina, baba. Ina namba tu. Pumzika."

Akapona. Wiki tatu baadaye lori likamgonga jirani yake, akafa hapohapo. Hao wawili walikuwa na mwaka wa saba hawasalimiani, kisa mpaka wa shamba. Na seremala kijijini ni huyo huyo mmoja!

Mchana wa jua kali mjane akaingia karakana, ameshika kamba aliyompimia marehemu urefu. Akailaza juu ya benchi.

"Shemeji, naomba jeneza."

"Mfungeni kwenye mkeka. Mimi mbao zangu hazimjui."

Hapo mkono wake ukaanza kupiga. Tu, tu, tu. Pale pale ilipoingia sindano. Akaushika, haukutulia.

Mjane akauona. Hakulia.

"Ndugu zako walipokosa damu ya kundi lako, mume wangu ndiye aliyekwenda. Alirudi na pamba mkononi, anacheka: 'Mama, leo nimevuka mpaka wa yule mkorofi, na hajaniona!'"

Seremala akaitazama ile kamba juu ya benchi.

"Kwa hiyo shemeji, mume wangu hajaisha kufa. Kuna sehemu yake imesimama hapo, ina joto, na inamnyima jeneza mwenzake."

Seremala akachukua mbao, akalipiga randa jeneza lile. Wewe ungefanyaje? Unapigilia misumari, na damu ya anayelala humo inakusukuma mkono!

Sasa msimcheke. Sisi je? Tulikuwa mahututi, Mmoja akatoa yake pale msalabani, na wala hakuuliza kama tunamsalimia. Tunatembea nayo, tunaringa nayo, halafu jirani tunamnunia!

Wahudumu wa damu salama wako pale nje, chini ya turubai. Mimi nimeshatoa, tena sikufumba macho. Nyie mnaoimba kwa sauti kubwa, kunjeni mikono ya mashati. Na wewe unayemjua adui yako kwa jina, ingia mstari wa kwanza.