Mama Nyati na Habari za Mtoni

Paukwa!

Pakawa!

Aa, huko nyuma hamjaitika, mmepiga miayo. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Sogezeni hilo bakuli la njugu hapa, kisa hiki hakisimuliki mdomo mtupu. Na msije mkasema nimeambiwa na watu. Nilikuwepo! Macho yangu haya mawili, nimekaa juu ya kichuguu, jua kali mpaka kivuli changu kikanikimbia kikatafute kivuli. Cheka tu, Siwatu.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, kulikuwa na ukame. Ukame gani! Mawe yalikuwa yanaomba maji. Mbu walikuwa wanatembea kwa miguu, mbawa zimekauka.

Mama Nyati alikuwa amebaki na mwanawe mmoja, Kidoti, kwenye kichaka cha miiba. Dimbwi lao limekauka. Maji yako mtoni tu, nyuma ya kilima. Na mtoni Mama Nyati haendi. Kwa nini? Kwa sababu ya Shashi.

Shashi mnamjua? Yule ndege mdogo anayekaa mgongoni kwa nyati anakula kupe. Kila asubuhi yeye ndiye mleta habari. Anadonoa, do! do! do! Halafu anapasha habari.

"Krrr! Mama Nyati! Simba mtoni! Wamejaa kama siafu! Meno kama majembe!"

"Yarabi! Hata leo?"

"Leo ndiyo wamezidi. Tulia hapahapa, mama. Usijitikise."

Mama Nyati akatulia. Kupe wakanenepa. Shashi akanenepa. Alinenepa mpaka akitua kwenye mti, mti unachuchumaa.

Kidoti peke yake ndiye aliyekonda.

"Mama, maji."

"Kesho, mwanangu."

"Mama, maji."

"Kesho."

Asubuhi moja Kidoti hakuomba maji. Magoti yakakunjika, kwi! kwi! Ulimi nje, mkavu kama kipande cha gunia.

Hapo Mama Nyati akapata wazimu. Akamsukuma kwa pua. Inuka, baba, inuka. Wakaondoka, tii, tii, tii, Shashi mgongoni anapiga kelele: "Mtakufa! Mtakufa!"

Kwenye kona ya mwisho, mto unanukia, wakamkuta Chura.

"Kroo! Shoga! Ulikuwa wapi siku zote? Shwari kabisa! Maji tele, matete mororo! Ingieni hapahapa kwenye matete, mjirushe!"

"Na simba?"

"Simba gani? Kroo! Hayo maneno ya wenye wivu."

Maskini, moyo ukamfunguka. Hofu yote ile ikaisha kwa neno moja tamu. Akainua kwato aingie kwenye matete.

"Te-te-te. Samahani, dada."

Alikuwa Kwale. Ndege wa chini huyu, rangi ya vumbi, miguu imejaa tope. Habari zake hakuna anayezingoja, maana hana mbwembwe. Ukimsikiliza unasinzia. Mimi mwenyewe kule kwenye kichuguu nilikoroma.

"Kwenye matete nimeona nyayo za simba," akasema. "Mmoja. Nyayo mbichi. Upande wa mawe sijaziona. Ila nimefika kwenye mwamba mweupe tu, mbele ya hapo sijui."

"Hujui?" Shashi akacheka. "Mleta habari gani asiyejua!"

"Sijui. Tena jana nilimwambia Pundamilia maji ya kwenye mawe ni machungu. Nilikosea. Leo nimeyaonja, ni matamu. Ndiyo namtafuta nimwambie."

Mama Nyati akashusha kwato taratibu. Habari zote alizowahi kusikia, hakuna aliyewahi kumwambia *nilikosea*. Akageuza shingo.

"Shashi. Hao simba umewaona mwenyewe?"

"Niliambiwa na shashi wa kifaru."

"Alisema wangapi?"

"Mmoja. Nikaongeza kidogo, usije ukapuuza. Si nakupenda, mama!"

"Na mimi nikikuamini, wewe unashiba nini?"

Shashi akatazama tumbo lake. Kupe watupu. Nyati akiingia mtoni kupe wanaondoka na maji.

"Na wewe Chura. Huyo mmoja yupo?"

"Ee... yupo yupo. Sikutaka kukuharibia siku, shoga."

"Na mimi nikikuamini, wewe unashiba nini?"

Chura akameza mate. Nzi. Nyati anakuja na nzi wake.

"Na wewe, Kwale?"

"Mbegu za majani, dada. Uje usije, ziko palepale. Lakini hata mimi usiniamini peke yangu. Tazama chini."

Akatazama. Nyayo hizo, kubwa, zinaelekea kwenye matete.

Wakapita kwenye mawe. Kidoti akanywa. Alikunywa mpaka mto ukashuka, samaki wakasimama kwa mikia wakaulizana kuna nini. Kule kwenye matete simba akanguruma, njaa inamkata.

Shashi alidhani atafukuzwa. "Kaa," Mama Nyati akamwambia. "Kupe kula. Hatari ukiiona piga kelele. Ila nitauliza na kwa wengine." Chura naye hakununiwa. Na kila asubuhi Mama Nyati akawa anamsikiliza Kwale mpaka mwisho, hata kwa kupiga miayo.

Sasa funzo. Iwe gazeti la kila asubuhi, iwe redio, iwe hizo simu zenu: usile habari za mmoja tu, hata kama anakupenda. Muulize kaona nini mwenyewe, na ukimwamini anashiba nini. Na wa kumrudia kila siku ni yule anayeweza kusema *hapa sijui* na *jana nilikosea*.

Hadithi yangu imekaa chini hapo, haina tena miguu.

Siwatu, mbona unanitazama hivyo? Unatazama bakuli?

Haya, haya! Sikuwepo. Kichuguu nimekitunga. Nilisimuliwa na Chura. Ya simba kamuulizeni Kwale.

Na njugu zimekwisha, ndiyo. Nilikosea.