Nani Akalie Kiti cha Kompyuta?

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Leo nataka mnihukumie watu watatu walionishinda mimi.

Hospitali moja ya nyanda za juu ilikuwa na kitengo cha kompyuta. Mzee Ambakisye alijua Pascal, lugha ya kuandikia programu ambayo vijana wa leo wanaijua kwa kuicheka tu. Tumpe, binti wa miaka ishirini na sita, alijua lugha zote mpya. Lusajo hakuandika programu hata moja, lakini kompyuta iliyokufa ilifufuka mikononi mwake.

Kiti cha mkuu wa kitengo kilikuwa wazi. Mzee akikipata, Pascal inabaki. Tumpe akikipata, anaizika kesho yake. Wote walikitaka, na wivu ukawala. Mzee alinuna kila Tumpe aliposifiwa. Tumpe aliumia kusikia manesi wakisema, "Tumwulize Mzee." Lusajo aliwaonea kijicho wote wawili, maana fundi hakumbukwi mpaka kitu kiharibike.

Tumpe akahamisha orodha ya wachangia damu kutoka programu ya Pascal kwenda mfumo wake mpya. Safu moja iliandikwa "K3" tu. Hakuielewa, na kumwuliza Mzee hakutaka, akaiacha bila kuihamisha. Mzee aliliona hilo, akanyamaza, akingoja Tumpe aje kumpigia magoti. Kompyuta ya zamani, iliyobeba programu ile ya Pascal, ikaanza kunguruma. Lusajo alipoambiwa aitazame, akajibu, "Waitazame wenyewe wanaosifiwa." Ikazimika.

Wiki hiyohiyo mama mmoja, Subilaga, akajifungua hospitalini hapo, damu ikakataa kukatika. Alihitaji O hasi, na akiba ilikuwa imekwisha. Mfumo mpya ukatoa watu mia nne wa kundi O, bila kusema nani hasi, nani chanya. Alama ya hasi na chanya ndiyo iliyokuwa kwenye safu ile ya K3.

Lusajo akang'oa pawasaplai, kile kifaa cha kuingizia umeme, kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaipachika kwenye ile ya zamani. Ikawaka.

Mzee akaandika mistari sita ya Pascal palepale. Majina kumi na moja yakatoka, ila namba zao zilikuwa za simu za mezani zilizokwishakatwa zamani.

Tumpe akayatafuta majina hayo kwenye mfumo wake, ambamo alikuwa ameongeza namba za sasa za simu za mkononi, akawatumia ujumbe wote kwa mpigo. Watatu wakaja mbio. Subilaga akapona.

Asubuhi iliyofuata wakajipanga mbele ya Mganga Mkuu.

"Bila Pascal mngepata wapi majina?" Mzee akauliza.

"Shikamoo Mzee wangu, lakini wangekuja kwa simu ya mezani?" Tumpe akasema.

"Nisingeiwasha ile kompyuta, mngegombania nini nyie?" Lusajo akafoka.

Mama yule Mganga Mkuu akawatazama mmoja mmoja. "Kila mmoja wenu amemwokoa Subilaga," akasema. "Na kila mmoja alijua kuna kasoro, akanyamaza kwa sababu ya kiti hiki. Mume wa Subilaga yuko mlangoni, amekuja kushukuru. Nani atakwenda kumweleza yote?"

Hakuna aliyekwenda. Na barua ya uteuzi iko mezani, haijaandikwa jina.

Haya, wasikilizaji, mimi nimeishia hapo, na kila nikilala nabadili mawazo. Kalamu nawaachia nyinyi. Je, wewe ungeandika jina la nani?