Nani Akitoe Nje Kitanda cha Ngoda?

Nikisema "Walikuwepo," nyie semeni "Na sisi tupo!" Asiyeitika, usiku wa leo aote hesabu za mtihani.

Walikuwepo!

Walikuwepo ndugu watatu wa tumbo moja, watoto wa Bi Mwanasha wa Tanga, na wote watatu maisha yaliwatupa Berlin, Ujerumani, huko ambako baridi ikikolea ukitema mate yanakuangukia mguuni yameshakuwa kokoto.

Mkubwa, Mndolwa, alikuwa baunsa wa klabu ya usiku. Kifua chake kipana, mpaka upepo wa Januari ukifika hapo unaomba njia. Kipaji chake kilikuwa jicho. Akikutazama mara moja tu anajua hilo shati umeazima kwa nani na nyumbani umeacha unga kiasi gani. Akisema "hapana" mlangoni, hata waziri anarudi kulala.

Wa kati, Mbwana, alikuwa akiwatembeza wageni wenye pesa zao kwenye starehe za usiku: ziara ya VIP, gari refu kama treni ya mizigo, foleni zote wanaziruka. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Angemshawishi mbuzi aingie buchani kwa miguu yake, na kiingilio alipe.

Wa mwisho, Mwanamkuu, kila Ijumaa aliimba taarabu kwenye klabu ileile aliyolinda kaka yake. Kipaji chake kilikuwa koo. Siku ya kwanza kuimba, Wajerumani wasiojua hata neno "maji" walilia mpaka wakaitwa mafundi bomba.

Sasa, Mndolwa alikuwa hajalala vizuri kwa miaka kumi na saba. Mnajua kwa nini? Kitanda!

Huko Tanga palikuwa na bwana mmoja, Ngoda. Baba yao alipokufa, huyu Ngoda akaighushi hati ya nyumba, akagonga muhuri, akaja nayo katikati ya masika. Kitanda cha Bi Mwanasha alikibeba kwa mikono yake mwenyewe, akakitupa nje mvuani, halafu akaingiza chake. Mndolwa alikuwa na miaka kumi na minne. Yeye ndiye aliyekitwika kile kitanda na godoro lake, mtaa mzima wanachungulia madirishani. Maji ya godoro yakamwingia masikioni. Mpaka Berlin alikuwa akiyasikia.

Bi Mwanasha hakulia. Alichofanya ni kuufunga ufunguo wa mlango kwenye pindo la kanga, akasema, "Wanangu, nyumba ikirudi mtalala wote. Lakini kitanda cha Ngoda atakitoa mmoja, maana changu kilitolewa na mmoja. Atakayeirudisha nyumba, huyo ndiye nitampa ufunguo, na huyo ndiye atakayekitupa."

Basi Ijumaa moja simu ikalia.

"Kaka, umekaa?" Ilikuwa sauti ya Mbwana.

"Nimesimama. Niko kazini."

"Basi egemea ukuta. Nimepewa mgeni wa VIP kutoka nyumbani. Ngoda."

Mndolwa akaegemea ukuta. Ukuta ukalalamika.

"Hajakutambua?"

"Ananiita Bobi. Nimemfungulia mlango wa gari, nimemshikia koti, nimemwita baba. Kaka, hili neno 'baba' limenikwama hapa kama mwiba wa samaki."

"Mlete. Nimvunje mbavu."

"Wee! Mbavu zinaunga," Mwanamkuu akadakia, maana naye walishamuunganisha kwenye simu. "Mlete nimvunje jina. Hilo haliungi."

Wakapanga palepale.

Ulimi ukaanza kazi. Garini Mbwana akamwambia Ngoda, "Mheshimiwa baba, roho inaniuma. Huko Tanga wanasema eti hujafika Ulaya, umejificha kwa shemeji yako Korogwe."

"Nani kasema?"

"Wote! Hata muuza mihogo. Ningekuwa wewe, ningewarushia laivu kwenye simu usiku huu, niingie klabu wanayokataliwa mabilionea, waone kwa macho yao."

Ngoda akavimba, shingo ikakata kifungo. Kabla hawajashuka kwenye gari, simu iko hewani, Tanga nzima imejazana humo.

Jicho likafuata. Kwenye klabu ile ilikuwa sheria: kila simu inayoingia, kamera yake inabandikwa stika, na baunsa anayepitisha simu bila stika anafukuzwa usiku huohuo. Ngoda akafika mlangoni, akampita Mndolwa karibu kabisa, harufu ya marashi yake ileile ya siku ile ya mvua. Mndolwa akamtazama usoni. Akaona woga wa kudharauliwa umemjaa mpaka kooni, akajua: huyu akichokozwa mbele za watu, hatanyamaza. Mkono wa kulia ukataka kumkamata shingo. Wa kushoto ukaushika wa kulia. Ikapigana hiyo mikono mgongoni mwake, vita ambayo vikosi viwili vya jeshi visingeiweza. Stika ikabaki mfukoni.

"Karibu, mzee," akasema. Hilo neno lilikuwa zito kuliko kile kitanda.

Halafu koo. Nyie mnaojua taarabu za Tanga mnajua: ukiinuka kumtunza mwimbaji, ubeti atakaouimba noti yako ikiwa mkononi, huo ni wako, umeuvaa. Ngoda naye alikuwa mtu ambaye akisikia taarabu kiti kinamchoma. Akainuka, simu mkono mmoja, noti mkono wa pili. Mwanamkuu akamwona, akauzuia ubeti. Akavuta kiitikio, akavuta tena, akacheka, akamwita kwa kidole. Angeuachia mapema kidogo tu, yule bwana angerudi kukaa. Akangoja mpaka noti ikagusa paji la uso wake. Hapo akaufungua:

Kitanda cha mama yetu, mvuani 'kakitupa,
Akala nyumba ya watu, kwa muhuri wa kukopa,
Mwizi huyo ni wa kwetu, ndiye huyu ananipa!

Muziki ukakatika. Ngoda akabaki na mkono hewani kama mti wa bendera.

"Mnanijua mimi?" akanguruma. "Ndiyo, muhuri niligonga mwenyewe! Na hati niliandika mwenyewe! Miaka kumi na saba mmenifanya nini?"

Tanga nzima ikasikia. Mpaka kuku waliokuwa wamelala waliamka kusikiliza. Kesi iliyolala miaka kumi na saba ikainuka, ikavaa viatu, ikaenda mahakamani peke yake. Nyumba ikarudi kwa Bi Mwanasha. Na Mndolwa, kwa ile stika, akafukuzwa kazi kabla hakujakucha.

Masika yaliyofuata, wote watatu wakasimama barazani Tanga. Ndani, Ngoda amekaa kwenye kitanda chake, hana pa kukipeleka.

"Nipe mimi, mama," akasema Mbwana. "Bila ulimi wangu angelala hotelini. Na mwizi nilimwita baba."

"Nipe mimi," akasema Mwanamkuu. "Bila koo langu angekula, angecheza, angerudi zake anajisifu."

Mndolwa akachokonoa sikio kwanza. Kisha akasema, "Ile simu nisingeipitisha, angekiri mbele ya Wajerumani wasiojua Kiswahili. Na shingo yake niliiacha, mama. Niliiacha mzimamzima. Maji ya godoro bado yamo masikioni."

"Jamani, si nikitoe mwenyewe?" akauliza Ngoda kutoka ndani.

"Wewe kaa hapohapo!" wakamjibu wote wanne.

Wingu limeshakuwa jeusi. Tone la kwanza limeanguka kwenye kizingiti. Bi Mwanasha amefungua pindo la kanga, ufunguo uko kiganjani, anawatazama nyie.

Haya, wajuaji, mvua haingoji! Ule ufunguo wewe ungempa nani?