Godoro la Mlangoni

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja aliyekosana na binti yake. Binti alimleta nyumbani mchumba Mzungu, mama akawafukuzia pale pale mlangoni. Wakaenda zao ng'ambo, wakaoana huko. Mama alishajuta zamani, ila kuanza kusema pole ndiko kulikomshinda.

Siku moja simu yake ikaingia ujumbe. Mkwe ndiye aliyeandika, kwa lugha yake: Jumamosi wata-"drop in". Mama, moyo juu juu, mbio kwa jirani mwenye kamusi.

Jirani akapekua. "Drop ni kudondoka. In ni ndani. Mama, watadondoka ndani."

"Watadondokaje?"

"Hilo kamusi haisemi."

Jioni kaka mtu, msomi wa familia, alicheka hadi akashika mbavu. "Mama, maana yake wanapitia tu. Hodi, salamu, kwaheri. Hata kuku usichinje."

Mnadhani alimsikiliza? Jumamosi asubuhi alikokota godoro la kitandani kwake, akalilaza sebuleni, yaani mlango ukifunguka tu, hilo hapo. Akatandika na shuka la maua alilokuwa akilitunza kwa wageni wakubwa.

"Mama, si nimeshakwambia maana yake?"

"Nimekuelewa, baba. Lakini akidondoka, je? Wewe tafsiri, mimi natandika."

Na kaka alikuwa sahihi. Gari lilisimama nje, wala hawakulizima. Binti alipiga hodi akabaki kizingitini, mkoba begani, salamu zake kazipanga kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Macho yakaangukia godoro.

"Mama, hili la nini?"

"Niliambiwa mtadondoka, mwanangu. Mara ile mliumia hapa hapa mlangoni, na aliyewaumiza ni mimi. Nikasema safari hii wasiumie."

Binti akaanza kucheka. Akacheka mpaka akadondoka kweli, akamvuta na mama, wakaanguka wote godoroni. Mkwe, ambaye hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji, akawatazama wanawake wawili wanaolia na kucheka juu ya shuka la maua. Hakuomba tafsiri. Alirudi nje akazima gari.

Sasa tuje kwetu sisi. Mtu aliyepotea mwaka mzima akionekana pale benchi la nyuma kanisani, si tunageukiana? "Huyo anapitia tu." Na pengine ni kweli, anapitia tu, gari lake linanguruma hapo nje. Kaka yule hakukosea hata neno moja, na godoro hakuleta. Mama alikosea neno, akampata mtoto.

Ndugu yangu unayejua maana ya kila kitu humu ndani, leo akidondoka mtu mlangoni kwako, ataangukia nini?