Mabati Yaliyotulia

Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu walituonya kwamba kinachotulia machoni huenda hakijalala. Dorca alilijua hilo tangu darasa la sita, alipofundishwa kuwa kitu kilicho mwendoni huendelea na mwendo wake mpaka kitu kingine kikizuie.

Siku hiyo roho yake ilikuwa juu juu. Yeye na mumewe, Byron, walikuwa wakihamia boma jipya karibu na Maseno. Desturi yao haina mzaha: nyumba ya kwanza ya boma huanzwa alfajiri na kuezekwa kabla jua halijatua, na wenyewe hulala humo siku hiyo hiyo. Saa kumi alasiri kuta zilikuwa zimesimama, lakini mabati yalikuwa bado Kisumu, dukani kwa Bwana Ashok.

Mathews, dereva wa pikapu, aliyapanga kwenye keria juu ya gari. Yalikuwa mapya, yakimetameta kwa mafuta ya kiwandani. Byron akapanda akayakalia.

"Nitayashikilia kwa uzito wangu," alisema.

"Chukueni kamba," Bwana Ashok alishauri. "Bati juu ya bati hakuna msuguano. Yanateleza kama kambare."

"Kufunga ni nusu saa, Mzee. Jua litatusubiri?" Mathews alijibu. "Ona, mzigo umetulia kama maji ya mtungini."

"Hata maji ya ndoo hutulia kichwani," Dorca alisema polepole. "Ukitembea, yanatembea nawe. Simama ghafla uone kama nayo yatasimama."

Mathews akaangua kicheko. "Byron, kumbe ulioa mwalimu na hukutuambia!"

Dorca hakucheka. Alimshika mumewe suruali. "Baba Terry, shuka. Nyumba bila bati tutaivumilia. Bila wewe, nitaingia humo na nani?"

Byron alinung'unika, lakini akashuka, akajibana ndani kando yake. Kamba ilibaki dukani.

Njia nzima Dorca alisikiliza juu. Kimya. Gari lilikwenda mbio, na mabati, bila sauti, yalikwenda mbio vilevile.

"Umesikia hata kelele moja, Mama?" Mathews alimtania.

Walipomaliza kona, ng'ombe akakatiza barabara. Mathews akakanyaga breki. Magurudumu yakasaga lami, gari likasimama. Mabati hayakuwa na breki. Yalipita juu ya vichwa vyao kwa ngurumo ya radi, yakachomoka mbele ya kioo moja baada ya jingine. Ng'ombe alikuwa amekwisha kuvuka. Bati la mwisho lilijichomeka wima kwenye ukingo wa barabara, likabaki likitetemeka.

Byron alilitazama, kisha akajishika shingo.

"Mama," Mathews aliuliza akishuka garini, "kamba tutaipata wapi?"

Dorca alifungua leso zake mbili kiunoni, akazichana vipande virefu. Waliyaokota mabati, wakayapanga tena, wakafunga, wakakaza, wakaenda mwendo wa kinyonga. Msumari wa mwisho uligongwa jua likiwa limebaki ukucha tu juu ya kilima.

"Paa lenu lina makunyanzi," Mathews alisema kwa haya.

"Acha yawepo," Byron alijibu, akimfungulia mkewe mlango. "Kila nikiyatazama nitakumbuka: kimya kingi kina mshindo mkuu."